Ngulia, Usiku wa Ukungu

Watalii wengi wanaokwenda Tsavo Magharibi huomba anga safi. Wanataka kuiona Kilimanjaro alfajiri kabla haijajifunika, na tembo wekundu kwa vumbi wakiwa bado mbali. Mwenye kwenda Ngulia mwishoni mwa Novemba aombe kinyume chake: mwezi uwe umeandama tu, mvua za vuli ziwe zimeshika, na saa sita usiku ikishapita, ukungu upande kutoka bondeni uifunike hoteli, miti na kila kilichopo. Hapo ndipo Ngulia inapotoa kitu ambacho sijakiona mahali pengine popote Kenya. Ndege wadogo kwa maelfu hushuka kutoka gizani, ndege waliotoka Ulaya, Urusi, Uarabuni na Iraki, wakatua katika vichaka vya Tsavo.

Nilishukia Mtito Andei, katikati ya barabara ya Nairobi na Mombasa, pale malori yanaposimama na madereva kunywa chai kabla ya kuimaliza nusu iliyobaki. Lango la hifadhi liko papo hapo kando ya barabara kuu. Ukilivuka, ngurumo za malori zinabaki nyuma na ardhi inakuwa nyekundu kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki hiyo. Miti ya jamii ya manemane, ambayo kwa miezi mingi husimama mikavu kama iliyokufa, ilikuwa imevaa majani mabichi, na kumbikumbi walikuwa wakipanda hewani kutoka kila kichuguu.

Dereva wangu, mzee wa Kikamba aliyeijua Tsavo tangu ujana wake, alinionea huruma.

"Mwalimu, nyasi zikiwa ndefu hivi, simba humwoni. Ungekuja Septemba."

"Sikuja kwa ajili ya simba, mzee."

Akanyamaza kidogo, akabadilisha gia. "Basi umekuja kwa wale ndege wa taa."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Tangu hapo akawa ananionyesha bila kuulizwa: mbwigu juu ya kila kichaka, mgongo wa kahawia na barakoa nyeusi machoni, wakiwinda panzi, kambu wa buluu kwenye matawi makavu, na juu kabisa kundi la kozi wembamba wakila kumbikumbi angani. Kozi hao hutaga mayai Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, wakapitia India na kuvuka Bahari ya Hindi hadi kwetu, kabla ya kuendelea kusini mwa Afrika. Mzee aliwaita tu "wageni wa mvua".

Milima ya Ngulia hujitokeza ghafla, mawe matupu na vilele vinavyopita mita 1,800. Hoteli imejengwa chini yake, ukingoni mwa genge la Ndawe, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja una mlima mgongoni, upande wa pili ardhi inakatika na bonde linaenea lote chini yako, mibuyu ikionekana midogo kama miche. Huko bondeni ndiko iliko hifadhi ndogo ya vifaru iliyoanzishwa katika miaka ya 1980, wakati majangili walipokuwa wamekaribia kuwamaliza vifaru weusi wa Tsavo nzima. Mchana mmoja wa kukaa kwenye ukumbi wa hoteli ukitazama kivuli cha wingu kikivuka bonde ungetosha kuwa safari.

Hoteli ilifunguliwa 1969. Wenyewe waliweka taa kali kuelekea dimbwi la maji ili mgeni akila chakula cha jioni aone tembo na nyati wakija kunywa, na chui akipita kuchukua nyama aliyotundikiwa. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba hoteli imesimama katikati ya njia kuu ya ndege. Msimu huo huo wa kwanza, usiku wa ukungu, ndege walianza kumiminika kwenye mwanga. Wataalamu wa ndege waliokuwa Kenya walilifahamu jambo hilo haraka, wakaleta nyavu na pete. Graeme Backhurst na David Pearson ndio waliolishikilia, wakirudi msimu baada ya msimu kwa miongo kadhaa, na kazi waliyoianza inaendelea hadi leo. Ndege waliovishwa pete Ngulia wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Maelezo yake ni haya. Ndege hawa wadogo husafiri usiku. Usiku hewa ni tulivu na ya baridi, vipanga wamelala, na nyota zipo za kuwaongoza, pamoja na ile hisi yao ya usumaku wa dunia. Usiku wa kawaida hupita juu ya Tsavo bila mtu kujua. Lakini Novemba na Desemba hewa yenye unyevu inapotoka upande wa bahari ikapandishwa na genge la Ndawe, hupoa na kuwa ukungu mzito. Aliye angani hazioni nyota, haioni ardhi. Kitu pekee kinachoonekana katika weupe huo ni taa za hoteli. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake hutawanyika kwenye ukungu na taa hazivuti sana. Ndiyo maana wenye kazi yao hupanga safari kwa kalenda ya mwezi, wakachagua siku za giza.

Jioni niliyofika anga ilikuwa wazi. Watu wa nyavu, mchanganyiko wa Wakenya vijana na wageni wa rika zote waliokuja kwa gharama zao, walilala mapema wakiwa wamevaa nguo za kazi. Nami nikalala. Saa nane usiku mlinzi alipita akigonga milango kwa kidole kimoja: "Umeingia. Umeingia."

Nje kulikuwa kweupe. Taa zilikuwa zimechimba shimo la mwanga katika ukungu, na ndani yake ndege walikuwa wakizunguka, mamia kwa mara moja, wengine juu sana kama vumbi, wengine wakipita karibu na uso wangu hata nikasikia upepo wa mabawa. Sauti zao zilikuwa fupi, kavu, zikitoka kila upande. Wengine walishuka na kutua majanini, kwenye ukuta, kwenye mabega ya koti la mtu aliyesimama kimya. Nimekulia katika nchi ambayo tunajivunia nyumbu wanaovuka Mara, na tuna haki ya kujivunia. Lakini msafara huu ni mkubwa kuliko ule, unapita juu ya mapaa ya nyumba zetu kila mwaka, na wengi wetu tunazeeka bila kusimuliwa habari zake.

Nyavu zilizotandazwa ni za uzi mweusi mwembamba, hazionekani gizani. Ndege akigonga huangukia kwenye mfuko wa wavu akalala humo bila kuumia, mradi asikawie. Watu hupita na taa za kichwani, wakimnasua kila mmoja kwa kuanzia miguuni, wakamtia katika mfuko wa kitambaa. Mifuko hutundikwa kwenye kamba kando ya meza. Mezani kazi ni ya kimya na ya haraka: pete ya chuma chepesi yenye namba mguuni, urefu wa bawa kwa rula, uzito kwa mizani, kisha pumzi ya mdomo inayopulizwa kidarini kufunua manyoya, ili kuonekana mafuta yaliyobaki chini ya ngozi. Mafuta hayo ndiyo akiba ya safari. Mwenye mafuta mengi anaweza kuruka usiku mzima tena; asiye nayo lazima akae ale kwanza.

Aliyenifundisha kutazama alikuwa binti wa Kitaita aliyejifunzia kazi hiyo mezani hapo hapo. Alinipokea kwa "Shikamoo, mama" huku mkono wake wa kushoto ukiwa umemshika ndege, shingo ikipita katikati ya vidole viwili, mwili umetulia kiganjani.

"Huyu ni wa kinamasi," akasema. "Yule aliyemtangulia alikuwa wa matete. Unaona tofauti?"

Sikuiona. Wote wawili wana mgongo wa kahawia, tumbo jeupe lenye umanjano kidogo, mdomo mwembamba. Akafungua bawa, akanionyesha unyoya mmoja mrefu karibu na ukingo wake. Upande wa ndani wa unyoya huo kuna mkato mdogo. Kwa ndege wa kinamasi, ambaye kwa jina la kisayansi ni Acrocephalus palustris, mkato uko karibu zaidi na ncha. Kwa ndugu yake wa matete uko chini zaidi. Tofauti ni ya milimita chache, na bado haitoshi peke yake: hutazamwa pia kucha, rangi ya kiuno, jinsi manyoya ya bawa yanavyopishana. Wawili hawa hutaga mayai katika mazingira tofauti, huimba nyimbo tofauti na kwa kawaida hawaoani. Asili imewatenga, na sisi tunahitaji rula ili tukubali.

Hapo nilielewa kwa nini kuhama kwa ndege na kuwapanga katika jamii zao ni kazi moja. Huwezi kusema ndege anatoka wapi na anakwenda wapi kama hujui ni nani. Pete iliyovishwa mguu usio wake katika daftari ni uongo utakaosafiri mpaka Urusi na kurudi.

Safari ya huyo wa kinamasi ndiyo iliyonifanya nikae mezani mpaka kukapambazuka. Ana uzito wa gramu kama 12, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Anaondoka Ulaya kuanzia mwisho wa Julai na Agosti. Anaelekea kusini mashariki, anapita Mashariki ya Kati na Uarabuni, anavuka Bahari ya Shamu. Septemba yuko Sudan na Ethiopia. Kisha hapotei, ila haonekani Kenya, wiki zinapita. Ngulia anafika Novemba na Desemba, na makao yake ya mwisho, Zambia, Malawi, Zimbabwe mpaka Afrika Kusini, anayafikia karibu na mwaka mpya. Pearson ndiye aliyeonyesha, kwa kulinganisha tarehe na uzito wa ndege waliokamatwa, kwamba safari hii ina awamu mbili. Ndege hukaa kaskazini mashariki mwa Afrika wakila kwenye nchi iliyoburudishwa na mvua, wengine wakibadilisha manyoya, na nchi hiyo inapoanza kukauka wanaifuata mvua kuelekea kusini. Yeye na Backhurst waliandika juu ya msafara wa Ngulia katika jarida la Ibis mwaka 1976, na ramani ya ndege wahamao upande huu wa bara ikabadilika.

Watu wa pwani wataisikia kalenda hiyo na kuitambua. Ni majira ya kaskazi, upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi. Jahazi na ndege wa gramu 12 walikuwa wakija upande wetu katika msimu mmoja.

Habari nyingine ya ndege huyo huyo haikupatikana Tsavo, ilipatikana Ubelgiji. Dume wa kinamasi huimba kwa kuiga. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alirekodi madume huko na kuchambua nyimbo zao sauti baada ya sauti, kazi aliyoichapisha 1979. Aligundua kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ya aina hizo ni za Afrika. Kwa jumla alitambua zaidi ya aina 200 katika nyimbo hizo, nyingi zikiwa ndege wa Afrika Mashariki wasiowahi kukanyaga Ulaya. Kinda huzisikia njiani katika mwaka wake wa kwanza, akizishika akilini tangu bara la Ulaya, Ethiopia na Kenya mpaka kusini, na akirudi kuoa ndipo anaziimba zote. Mkulima wa Ubelgiji anayesimama kandokando ya mto mwezi wa Juni husikia sauti za nyika yetu, asijue.

Kwa hiyo nakataa kabisa ile desturi ya kuwaita hawa "ndege wa Ulaya wanaokuja kupumzika Afrika". Ndege wa kinamasi hukaa kwenye makao yake ya Ulaya kama miezi mitatu tu, mara nyingi isiyotimia. Miezi iliyobaki yuko njiani au yuko Afrika. Hula wadudu wetu, hufuata mvua zetu, hujifunza nyimbo kwa ndege wetu. Kama uraia ungetolewa kwa muda wa kuishi, pasipoti yake tungeitoa sisi.

Karibu na mapambazuko sauti mezani zikapanda kidogo. Katika mfuko mmoja palikuwa na ndege mwenye mdomo mrefu kuliko wengine, mgongo wa kijivujivu, tumbo jeupe safi. Wote waliokuwa karibu walisogea. "Basra," binti akasema, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ndege wa matete wa Basra huzaliana hasa katika maeneo ya majimaji ya kusini mwa Iraki, yale matete makubwa yaliyoko pale mito ya Tigris na Furati inapokaribiana. Sayansi, hata hivyo, ilimpa jina kwa kumwona huku kwetu: mwaka 1891 mtaalamu wa Bremen, Gustav Hartlaub, alimwandika kutokana na ndege aliyepatikana Nguru, katika Tanzania ya leo. Baadaye wataalamu wengi walimweka chini ya ndege mwingine, yule mkubwa wa matete wa Ulaya, wakimhesabu kuwa tawi lake tu. Ngulia ndiyo iliyowapa watu nafasi ya kuwashika wote wawili mkononi katika usiku mmoja, msimu baada ya msimu. Huyu ni mwembamba, uzito wake ni kama nusu ya mwenzake, bawa lake limeumbwa kwa namna yake. Mwaka 1988 Pearson na Backhurst walichapisha hoja katika jarida la British Birds kwamba anastahili kuhesabiwa kuwa spishi kamili. Leo orodha zote kubwa za ndege duniani zinamtambua hivyo.

Mtu anaweza kudhani ni ugomvi wa makabati ya makumbusho. Angalia kilichofuata. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilikausha majimaji yale ya kusini mwa Iraki kwa mifereji na kuta, ili kuwaadhibu waliokuwa wakiishi na kujificha humo. Ilipofika 2000 sehemu kubwa ya majimaji hayo ilikuwa imekwisha. Watu walifukuzwa, nyati wa maji walikufa, matete yakawa chumvi na vumbi. Kama ndege wa Basra angekuwa bado ni tawi la ndege mwingine aliyejaa Ulaya, msiba wake usingeandikwa popote. Kwa kuwa alikuwa na jina lake, aliingizwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na watu wakamtafuta. Baada ya 2003 wenyeji walibomoa kuta na maji yakarudi katika baadhi ya sehemu, na mwaka 2016 UNESCO iliyaweka majimaji hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wetu wa msafara wake ni matete na vichaka vya Tana ya chini na nchi za kusini zaidi, hadi Malawi na Msumbiji. Tukizungumza juu ya mashamba makubwa katika delta ya Tana, tunazungumza juu ya huyu pia.

Yule wa mfukoni alipimwa taratibu kuliko wengine wote, akavishwa pete, akapelekwa kwenye kichaka chenye umande mbali na mwanga. Pete chache sana hurudi na habari. Kati ya maelfu ya ndege ni mmoja tu anayeonekana tena mbali na hapa. Hata hivyo taarifa zimekuja kutoka Uarabuni, Mashariki ya Kati, Urusi na Ulaya, na ndege wenye pete za nchi za mbali wamekamatwa hapa hapa kwenye genge la Ndawe. Kila taarifa ni mstari mmoja kwenye ramani, na mistari ya Ngulia inajikusanya kuelekea kaskazini mashariki, juu ya Ethiopia na Bahari ya Shamu.

Kulipokucha, ukungu uliinuka kwa vipande. Vichaka vilivyozunguka hoteli vilijaa sauti. Naitingeli wa mashariki, ndege wa rangi ya udongo anayesifika kwa uimbaji wake wa usiku kutoka nchi za Skandinavia hadi Urusi, walikuwa wakiimba ndani ya miiba ya Tsavo, kwa kuvizia, lakini kwa sauti kamili. Wahudumu walipita na kahawa. Wageni wengine wa hoteli waliamka na kuulizana mbona wenye nyavu wana macho mekundu na furaha kubwa namna ile.

Ukitaka kwenda, tazama kwanza mwezi mwandamo wa Novemba au Desemba na upange usiku kadhaa kuuzunguka, kwa sababu ukungu hauna ahadi. Chukua koti, Tsavo ya usiku huo si Tsavo ya joto unayoijua. Kutoka Nairobi au Mombasa treni husimama Mtito Andei, na gari la kukodi hupatikana hapo mjini. Omba ruhusa kabla ya kusogea mezani, usipige picha kwa mwako, na usiguse wavu hata kwa nia njema, maana ndege huumizwa na mkono usiojua. Uliza maswali, sijaona watu wanaopenda kuulizwa kama wale. Na kama wewe ni mwalimu wa shule ya Voi, Wundanyi, Kibwezi au Taveta, una jambo hili kubwa mwendo wa saa chache tu kutoka darasani kwako. Wapeleke watoto.